Get: kitenzi ambacho Mswahili anacho tayari

Wanafunzi wangu wengi wanapoanza darasa wanakijua kitenzi "get" kwa maana moja tu, kupata. Ndivyo walivyofundishwa shuleni, na kamusi za mfukoni zinasema hivyo hivyo. Baadaye wanakutana na "get cold", wanakutana na "get lost", "get off", "get it", "got to", na hapo ndipo orodha inapoanza kuandikwa. Nimeshika daftari la mwanafunzi lililojaa "get" kurasa kadhaa, kila mstari na maana yake pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwenye daftari alikuwa kijana hodari, kakesha nalo, lakini ukimwambia atunge sentensi moja anasimama, macho juu, anatafuta ni namba ngapi katika orodha.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Wanaokuja ni watu wa kazi: wahudumu wa hoteli, watembezaji wageni, manahodha wa boti za kisiwa cha Changuu, kina dada wa maduka ya kanga na viungo. Wanatoka kazini wamechoka, na kesho asubuhi wanataka kukitumia walichojifunza leo usiku. Kwa hiyo nimekaa sana na kitenzi hiki, nikitafuta njia fupi ya kukifundisha, na njia niliyoiona imo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Haimo katika neno pata. Imo katika -na- na -me-.

Chukua chai. Mhudumu mmoja alitaka kumwambia mgeni wake, kwa adabu tu, kwamba chai yako inapoa. Akasema "Your tea is cold." Mgeni akaiangalia chai, akaomba aletewe nyingine ya moto. Mhudumu akarudi jikoni anajiuliza kakosea nini, maana kila neno alilolisema lilikuwa sahihi. Aliporudia kisa hiki darasani, nikaandika ubaoni mistari miwili:

Chai inapoa. The tea is getting cold.
Chai imepoa. The tea is cold.

Nikawaacha waitazame. Kisha nikaongeza ninachoka na nimechoka. Ninachoka ni "I'm getting tired". Nimechoka ni "I'm tired". Embe linaiva, "it's getting ripe". Embe limeiva, "it's ripe". Tunalowa, "we're getting wet". Tumelowa, "we're wet". Mgonjwa anapata nafuu, "she's getting better". Kunakucha, "it's getting light". Analewa yule, "he's getting drunk". Na akishalewa, "he's drunk". Nilipofika kwenye kulewa darasa zima lilikuwa limeshaanza kunitangulia, wanataja wao: ananenepa, anazeeka, mji unajaa, bei inapanda.

Kinachotokea hapa ni kwamba Kiswahili kina kundi kubwa la vitenzi ambavyo maana yake ni kugeuka hali. Choka, poa, iva, lowa, kasirika, zoea, potea, jaa, nenepa, zeeka. Ukivipa -na-, mabadiliko yako njiani. Ukivipa -me-, mabadiliko yamekwisha na hali mpya ipo sasa. Mtu akikuambia nimechoka hakusimulii jambo la jana. Anakueleza alivyo wakati huo huo anapozungumza. Kiingereza hakina vitenzi vingi vya namna hiyo. Kina sifa: "tired", "cold", "ripe", "wet", "drunk". Sifa haina mwendo, imekaa tu, na ukitaka kuitia mwendo unahitaji kitenzi cha kuisukuma. Kazi hiyo ndiyo ya "get". Anayeuliza "get" maana yake nini katika "get tired" hatapata jibu la neno moja, kwa sababu kwetu sisi kazi yake imeshafanywa ndani ya choka.

Hapo hapo ndipo linapotoka kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, "I have tired", "the rice has ready". Mwanafunzi anaitafsiri -me- kama alivyoambiwa shuleni, kwamba -me- ni "have". Kwa kula, kusoma na kwenda, ni kweli: nimekula, "I have eaten". Kwa vitenzi vya kugeuka hali, -me- inakwenda kwenye "be". Nawapa kipimo hiki: sema kitenzi chako kwa -me-, kisha jiuliza, je, ninaeleza nilichofanya au ninaeleza nilivyo? Ukieleza ulivyo, "am". Hali ikiwa bado inakuja, "am getting". Nimezoea, "I'm used to it". Ninazoea, "I'm getting used to it". Hiki cha kuzoea kimewatesa wengi, na kwa njia hii kinanyooka usiku mmoja.

Wakati uliopita unahitaji uangalifu zaidi, na hata wanafunzi wangu wazuri wanateleza hapa. Alikasirika ni nini? Karibu wote wanasema "he was angry". Lakini ukisimulia kwamba mgeni aliona bili, akakasirika, akaondoka, unasimulia mambo matatu yaliyotokea moja baada ya jingine. Hasira ilizaliwa pale pale: "he saw the bill, got angry and left". "Was angry" ni alikuwa amekasirika, yaani nilimkuta tayari yuko hivyo. Vivyo hivyo tulipotea ni "we got lost", na tulikuwa tumepotea ni "we were lost". Mtembezaji wageni anayesimulia siku yake lazima aijue tofauti hii, la sivyo hadithi nzima inasimama, kila mtu ndani yake yuko tu, hakuna linalotokea.

Na pata je? Pata ina sehemu yake, ila ndogo kuliko tunavyodhani, na haiendi pamoja na "get" kila mahali. Tunapata ajali, Mwingereza anasema "had an accident". Tunapata mtoto, yeye anasema "had a baby". Barua, kazi, habari, malaria, hizo zinakubali "get". Na kuna pahali pawili ambapo lugha hizi mbili zinakaribiana mpaka ninafurahi kila ninapopafundisha.

Pa kwanza ni kuelewa. Ukimaliza kumweleza mtu jambo refu unamuuliza umenipata? Naye anajibu nimekupata. Kwa Kiingereza, "You get me?", "I get you." Kuelewa ni kushika. Sisi tunasema pia mtoto ameshika masomo. Wataalamu wa lugha za Ulaya wanakirudisha kitenzi "get" kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kukamata kwa mkono, na kwenye mzizi huo huo wanaliweka neno la Kilatini prehendere, kushika, ambalo ndilo lililoko ndani ya "comprehend". Kwa hiyo "I get it" ya kijana wa mtaani na "I comprehend" ya profesa zimetoka katika kiganja kimoja.

Pa pili ni kuwahi kufanya jambo. Nilipata kumwona kabla hajaondoka: "I got to see her before she left." Sio kwamba nilimwona tu, nafasi ilijitokeza, nikaikuta. Wanafunzi wa hapa wanakielewa papo hapo, kwa sababu wamesikia wazee wakisema umepata kufika Pemba?, umepata kumsikia fulani akiimba? Na jambo hili lina mizizi mirefu huko kilikotoka kitenzi chenyewe. Waaisilandi, ambao lugha yao imebaki karibu sana na ile ya Waskandinavia wa kale, mpaka leo wakisema ég get wanamaanisha naweza. Kupata na kuweza vinashikana mikono.

Maana "get", kwa asili yake, si neno la Uingereza. Lilikuja na mashua. Mwaka 793 Waviking, yaani mabaharia wa Skandinavia, walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, na kwa miaka mingi baadaye waliendelea kuja, kwanza kupora, kisha kukaa. Mwaka 878 mfalme Alfred wa Wessex aliwashinda vitani, lakini hakuweza kuwatoa nchini, na baadaye yakaandikwa mapatano ya mpaka kati yake na kiongozi wao Guthrum. Kaskazini na mashariki wakabaki watu wa kutoka Denmark na Norway, wakalima, wakaoa, wakazika wazee wao. Vijiji vyao bado vinaonekana kwenye ramani kwa majina yanayoishia na -by, ambayo kwa lugha yao ni kijiji au makazi: Whitby, Grimsby, Derby. Derby ni kijiji cha paa, wale wanyama wa porini. Kila Simba na Yanga wanapokutana tunasema dabi, na ndani ya neno hilo kuna kijiji cha Waviking.

Waingereza wa wakati ule walikuwa na ndugu wa kitenzi hiki, lakini hakikutembea peke yake. Kilikaa ndani ya maneno mengine, kwa mfano "forget", na mwanzoni herufi ile ya g waliitamka laini, kama y yetu. Hata karne nyingi baadaye wako waliokuwa wakiandika foryete. Waskandinavia walikuja na geta yenye g ngumu, nayo ndiyo iliyoshinda. Karibu na mwaka 1200 ndipo "get" inaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza. Nalipenda sana hilo "forget". Sehemu ya kwanza ina maana ya kuacha au kupoteza, ya pili ni kushika: kusahau ni kuachia kile ulichokuwa umekishika.

"Take" nayo ilikuja kwa safari hiyo hiyo. Kabla yake Waingereza walisema niman kwa kuchukua, neno ambalo leo limekufa, isipokuwa limeacha "numb", ganzi. Mkono wenye ganzi ni mkono uliochukuliwa.

Nimewahi kuulizwa darasani: mtu anaazimaje kitenzi cha kila siku? Jina la kitu kipya sawa, meza, gari, simu, lakini kuchukua na kupata walikuwa nazo tayari. Niliwarudisha kwenye vinywa vyao. Rudi, jibu, safiri, samehe, sahau, vyote vina asili ya Kiarabu, na hakuna Mswahili anayehisi kwamba anazungumza lugha ya watu anaposema nimesahau, nitarudi. Hesabu tano mpaka tisa: tano ni ya Kibantu, sita na saba za Kiarabu, nane ya Kibantu, tisa ya Kiarabu. Maneno ya namna hiyo hayaletwi na bidhaa. Yanaingia watu wakishaishi nyumba jirani, mke wa huku na mume wa kule, watoto wanasema yote mawili. Uingereza ya kaskazini ilikuwa hivyo. Walipokea mpaka "they", "them" na "their", na kukubali neno la jirani hata unapowataja watu wa nyumbani kwako ni ukaribu mkubwa sana.

Mchanganyiko huo haukutulia kwa siku moja. William Caxton, mtu wa kwanza kuchapisha vitabu kwa mtambo nchini Uingereza, aliandika mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa mashua katika mto Thames, upepo ukakosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akaenda nyumba moja akaomba "egges", mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Jamaa akakasirika, maana na yeye hakujua Kifaransa, alikuwa anazungumza Kiingereza. Mwenzake akaja akasema wanataka "eyren", na mama akaelewa mara moja. Eyren lilikuwa neno la Kiingereza cha zamani, egges lilitokana na Waskandinavia. Miaka mia sita na zaidi tangu Waviking wahamie, na yai bado lilikuwa na majina mawili! Caxton aliuliza aandike lipi. Mtu anayehariri Kiswahili akiwa na msomaji wa Mombasa, wa Dodoma na wa Bukavu anamwelewa Caxton vizuri.

Hapa nataka kuzungumza na walimu wenzangu. Tunawafundisha watoto kwamba "get" ni neno la kivivu, wakilitumia kwenye insha tunalikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "obtain", "receive", "arrive", "become". Naelewa nia. Kwenye barua ya kuomba kazi na mimi nitaandika "I received your letter". Lakini tazama maneno matatu ya mwanzo katika orodha hiyo yalikotoka. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi lugha ya mabwana ikawa Kifaransa. "Obtain" na "receive" ni maneno ya jumba la bwana. "Arrive" nayo ni ya Kifaransa, na asili yake katika Kilatini ni kufika ukingoni, kutia nanga. Hiyo kwa sisi watu wa pwani ni nzuri mno na ninaifundisha kwa furaha. Walakini heshima ya maneno hayo ilitokana na nani aliyekuwa ameketi mezani na nani aliyekuwa jikoni. "Get" ilikuwa jikoni. Haikuwa na kosa lolote la kisarufi.

Na matokeo ya kalamu nyekundu ninayaona kila siku. Nahodha anawaambia wageni "Enter the boat", "Descend here". Mhudumu anamuuliza mgonjwa "Are you becoming well?" Wageni wanaelewa, wanatabasamu, lakini mazungumzo yanakuwa kama tangazo la bandarini. Watoto wetu wanamaliza kidato cha nne wanajua "obtain" na hawawezi kusema "I'll get it for you", sentensi ambayo mhudumu wa hoteli anaihitaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Anayedhani neno hili halina hadhi na afungue Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Katika Mithali 4:7 ameambiwa "get wisdom: and with all thy getting get understanding", na Biblia yetu inasema jipatie hekima, naam, kwa mapato yako yote jipatie ufahamu. Hao wafasiri walikuwa na "obtain" na "acquire" mkononi, wakaichukua "get", mara tatu katika mstari mmoja.

Biblia hiyo hiyo inamaliza ugomvi wa "gotten" unaozuka darasani kila mara, kwa sababu vijana wanaisikia kwenye filamu za Marekani na vitabu vyao vya shule vinasema "got". Hawa alipomzaa Kaini, Mwanzo 4:1, anasema "I have gotten a man from the LORD". Basi "gotten" si Kiingereza kilichoharibika. Ni cha zamani. Waingereza waliohamia Amerika katika karne ya 17 waliondoka nayo, wakaitunza. Waliobaki nyumbani wakaiacha taratibu, ingawa hata London bado wanasema "forgotten". Wamarekani wameipa kazi mahususi pia: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Kwenye mtihani wetu andika "got". Mgeni wa Chicago akisema "gotten", muache, usimsahihishe.

Kilichobaki ni kupanda na kushuka, ambako manahodha wangu hawaachi mtu apumue. Kiingereza kinasema "get on" the bus, the train, the plane, the ferry, lakini "get in" the car, the taxi. Kanuni inayofaa ni hii: chombo unachoweza kusimama ndani yake na kutembea, "on", chombo unachojikunja na kuketi, "in". Kutoka ni "off" kwa kile cha kwanza, "out of" kwa cha pili. Daladala ilileta mabishano, maana ile ya kipanya hutembei ndani yake, unainama. Bado ni "on", kwa kuwa ni gari la abiria la njia yake. Feri ya Dar, "on", hakuna aliyepinga. Jahazi, "on". Ngalawa tukaikubali kuwa "in". Boti za Changuu, zile za mbao zenye turubai juu na mabenchi pembeni, ndizo zilizotuweka mpaka taa za mtaani zikawaka: mwenye boti ndogo alishikilia "get in", mwenye boti kubwa, ambaye abiria wake wanaweza kutembea mpaka omo, akashikilia "get on". Wote wawili wako sahihi, na kila mmoja aliondoka na sentensi yake.